Mwaka Niliokataa Kuiombea Zuhura Radhi

Tulipomzika Fausta kule Magole, kijana mmoja wa kanisani alisoma historia ya marehemu, akasema alikuwa mwalimu mpole na mtiifu kwa wakubwa wake. Nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wafiwa, mtandio umenifunika mpaka machoni, na nilikaribia kusimama nimpinge palepale mbele ya jeneza. Mpole, sawa. Mtiifu, hapana. Watu wakishakufa tunawapiga msasa mpaka wote wanafanana, na mimi sikuwa tayari Fausta apigwe msasa. Niliporudi nyumbani Mikumi nilikataa chai waliyoniwekea, nikaketi mezani na kuanza kuandika juu ya mwaka tuliokaa chumba kimoja Kilosa, tukiwa walimu wapya, katika umri wa kudhani kwamba ukisema kweli watu watakupisha njia. Hawakutupisha. Tulipita hivyohivyo.

Chumba chetu kilikuwa katika kota za zamani za reli, ng'ambo ya stesheni. Mama Chausiku, mjane wa mfanyakazi wa reli, alitupangisha chumba cha mbele, yeye na mwanawe wa mwisho wakabaki na cha nyuma, na ukuta wa mbao uliotutenganisha haukufika darini. Kwa hiyo tulijua anapika nini, anamwomba Mungu nini, na nani kamuudhi sokoni. Sisi tulikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja iliyoegemezwa kwa tofali, na kamba ya nguo kutoka dirishani hadi mlangoni, upande mmoja gauni za Fausta, upande mwingine khanga zangu. Mvua ikinyesha milimani, mto Mkondoa ulipanda, na chumba kilinuka tope kabla hata tone moja halijatuangukia. Asubuhi Mama Chausiku alikaanga vitumbua vya kuuza stesheni, na harufu ya iliki ndiyo iliyotuamsha. Vile vilivyovunjika alitupitishia juu ya ukuta, kwenye sahani ya bati. Nimekula katika hoteli za watalii hapa Mikumi, nimekaribishwa meza za wakubwa, sijapata kula kitu kitamu kama vitumbua vile vilivyovunjika.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila mtu alikuwa na neno moja mdomoni: ruksa. Zamani kidogo tulipanga foleni kusubiri sabuni. Sasa sabuni ndizo zilizopanga foleni dukani zikisubiri mwenye uwezo. Mitumba ilimwagwa chini karibu na stesheni kila siku ya gulio, na watu wazima waliinama wakichagua suruali za watu wasiowajua. Waliokuwa na akili ya biashara walipanda haraka kama mahindi ya mvua ya kwanza. Sisi walimu tulibaki na chaki, na wakati mwingine hata chaki hatukuwa nayo. Mwalimu mwenzetu mmoja wa hesabu aliondoka katikati ya muhula kwenda Dumila kuuza vitunguu, na hakuna aliyemlaumu. Fausta alishona sare za shule jioni kwa cherehani ya kuazima. Mimi nilikataa kuuza chochote. Nilisema nimesomea kufundisha na nitafundisha, na Fausta alicheka, akasema, "Hadija, kiburi hakichemshi maharage." Lakini maharage alichemsha yeye, na akanipakulia.

Katika mambo mapya yote ya wakati ule, lililotugusa ni mabati. Serikali ilikuwa imeanza kuwaambia wazazi kwamba shule ni zao, wachangie. Darasa letu la tano lilikuwa limeezuliwa na upepo tangu masika iliyotangulia, nusu ya watoto wakikaa kivulini, nusu juani, na mvua ikija tunabanana wote upande mmoja kama kuku. Aliyejitokeza kusaidia ni Bwana Sefu. Alikuwa na mashine za kusaga, maduka, na basi lake la kwanza lilikuwa limeanza kwenda Morogoro. Aliahidi kuezeka darasa lote. Kwa ahadi hiyo alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na Mwalimu Mkuu Mgaya, mzee mwenye huruma na mwoga kupindukia, alianza kusimama na kumwachia kiti chake kila alipoingia ofisini. Sitaki kumsingizia Bwana Sefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba anapozungumza wengine wananyamaza, na mazoea hayo aliyapata kwa muda mfupi mno, hakuwa amejifunza kuyabeba.

Sasa nije kwenye somo lenyewe. Lilikuwa la sayari, na kitabu kilikuwa kimoja, changu. Niliwatoa watoto nje, nikaweka ngoma ya shule katikati ya uwanja iwe jua, na kila mtoto niliyemchagua nikampa sayari. Mtoto wa Mama Chausiku, mbio mbio kama mbuzi, alikuwa Zebaki. Alilizunguka jua mara nne kabla Dunia haijamaliza duara moja, kwa kuwa mwaka wa Zebaki haufiki hata miezi mitatu yetu. Mshtarii nilimweka mbali kule kwenye magoli, akazunguka kwa kujikokota, maana mwaka wake mmoja unameza karibu miaka yetu kumi na miwili. Lakini huku anajikokota ilibidi ajizungushe kama pia, kwa sababu siku yake haifiki saa kumi. Alianguka kwa kizunguzungu na darasa zima lilishangilia. Zuhura nilimpa Rehema, binti wa Bwana Sefu, mtoto makini aliyependa kuuliza swali la pili baada ya kujibiwa la kwanza. Nilimwambia aanze akiitazama stesheni, kisha alizunguke jua huku akigeuka polepole sana, tena kwa kinyume cha wenzake. Alifanya hivyo, ulimi umetoka nje kwa umakini. Aliporudi pale alipoanzia alisimama, akashangaa. "Mwalimu, nimemaliza mwaka, lakini bado sijaiona tena stesheni!" Ndiyo, nikamwambia. Zuhura huchukua miezi saba na nusu hivi kulizunguka jua, na kama minane kujizungusha mara moja tu. Mzunguko wake mmoja ni mrefu kuliko mwaka wake. Sijasahau uso wa mtoto yule. Ni kama mtu aliyegundua kwamba nyumba alimozaliwa ina mlango mwingine.

Wiki ile ile Bwana Sefu alimfanyia Rehema sherehe ya kuzaliwa. Siku hizi ni jambo la kawaida, lakini wakati ule Kilosa hatukuwa tukizijua bethdei. Zilikuja pamoja na redio kaseti na soda za makreti. Keki ililetwa na basi kutoka Morogoro. Wakubwa wa mji walialikwa. Mama Chausiku aliitwa kupika, na habari nilizipata kwake, akizimwaga juu ya ukuta huku akivua viatu. Bwana Sefu alisimama mbele ya wageni akasema binti yake ametimiza miaka kumi na mmoja, sasa ni mtu mzima, na mambo ya kucheza uwanjani basi. Rehema, aliyekuwa ameshika kisu cha keki, alisema kwa sauti ya darasani kabisa, "Lakini baba, kule Mshtarii sijafikisha hata mwaka mmoja. Na kule Zuhura mtu anaweza kutimiza mwaka kabla sayari yake haijajizungusha mara moja. Mwalimu Hadija ametufundisha." Mgeni mmoja alipasuka kicheko, akasema, "Sefu, kumbe unamkatia keki mtoto mchanga!" Wote wakacheka. "Wakacheka mpaka soda zikawatoka puani," alisema Mama Chausiku. "Yeye peke yake hakucheka. Mwanangu, jihadhari."

Kesho yake niliitwa ofisini. Bwana Sefu alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu, na Mwalimu Mkuu amesimama dirishani. Nilimwamkia Bwana Sefu kwa heshima. Alikuwa rika la baba yangu.

"Marahaba," alisema. "Mwalimu, siku ni nini?"

"Siku ya hapa kwetu, au ya wapi?"

"Unaona?" Alimgeukia Mwalimu Mkuu. "Unaona majibu? Mimi nimelala na kuamka maisha yangu yote, leo binti mdogo ananiuliza siku ya wapi!" Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniudhi, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto: "Mwanangu, mwezi una siku, mwaka una miezi. Ndivyo alivyoumba Mungu. Siku haiwezi kuuzidi mwaka, kama mtoto asivyoweza kumzidi baba yake. Kwenye mkutano wa wazazi utasimama useme uliteleza. Basi. Mabati yako Morogoro, yanasubiri gari."

"Na kama sikuteleza, mzee?"

Alisimama, akavaa kofia yake, na akamwambia Mwalimu Mkuu, "Mvua zinakuja."

Nimezeeka sasa, na nimewahi kuulizwa na wanangu kama kweli jambo lile lilistahili. Wanaliona dogo. Sayari iko mbali huko, haijui hata kama inatetewa. Watoto wako hapa, wananyeshewa. Nami nawajibu kwamba swali hilo nililiuliza mwenyewe siku zile zaidi ya wao wanavyoliuliza, kwa sababu waliokuwa wakinyeshewa niliwajua kwa majina. Kama angeniambia nipige magoti nimwombe mabati, ningepiga. Kama angesema nimemkosea adabu, ningemwomba radhi hata kama sikuona kosa. Lakini alichotaka ni nisimame mbele ya watoto wangu niseme kwamba walichokiona kwa miguu yao wenyewe uwanjani hakikuwepo, kwa sababu mwenye mabati hakipendi. Hapo ningekuwa nimewafundisha somo moja ambalo lingefuta mengine yote.

Fausta hakukubaliana nami. Hili nataka lijulikane, maana urafiki wetu haukuwa wa kuitikiana. Jioni moja nilirudi kutoka kisimani nikasikia, kabla sijafungua mlango, sauti ya Mwalimu Mkuu ndani ya chumba chetu. "Wewe anakusikiliza," alikuwa akisema. "Mwambie neno moja tu. Samahani. Mimi nabakiza muda mfupi nistaafu, sitaki kuondoka nikiacha darasa wazi." Na Fausta akajibu, "Nitamwambia, mwalimu." Nilikaa na ndoo yangu barazani mpaka yule mzee akaondoka, alipita mbele yangu akaniamkia mimi kwanza, mimi mdogo wake, kwa aibu. Niliingia. Fausta alikuwa akipepeta mchele.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Basi sema samahani, Hadija. Neno halina uzito. Zuhura haitabadilika huko iliko."

"Nitabadilika mimi."

"Na watoto?"

"Watoto wananitazama."

Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, kwa hasira, "Hivi inawezekanaje siku ikawa ndefu kuliko mwaka? Mimi mwenyewe silielewi." Nikachukua jiko, nikaliweka katikati ya chumba kama jua, nikamgeuza autazame mlango, nikamzungusha. Tulikuwa tunagongana na vitanda, gauni zake zikitupiga usoni, na nyuma ya ukuta Mama Chausiku akauliza kama tunapigana. Fausta alipofika alipoanzia bila kuuona mlango, alisimama. "Kumbe," alisema. Tulikula wali na mchicha wa nazi, na jambo lile halikutajwa tena chumbani mle.

Mkutano ulifanyika uwanjani, wazazi wamekaa kwenye madawati tuliyoyatoa nje, wengine juu ya nyasi, watoto wamezunguka nyuma ingawa walifukuzwa. Bwana Sefu alisoma mambo ya choo, ya uzio, ya mahindi ya chakula cha mchana, kisha akasema Mwalimu Hadija ana neno. Nilisimama. Niliwaamkia wazazi. Nikasema kwamba nimeombwa kusahihisha somo nililofundisha, na kwamba nimelipitia tena, nimeona halina la kusahihisha. Nikaeleza kwamba siku na mwaka si vitu vilivyotundikwa mbinguni kama saa ya ukutani. Siku ni sayari kujigeuza, mwaka ni sayari kulizunguka jua, na kila moja ina mwendo wake, kama vile treni ya mizigo na ya abiria zinavyopita reli moja bila kwenda sawa. "Simpingi Mungu," nilisema. "Aliyeumba Dunia ndiye aliyeiumba Zuhura, na hakuziamuru zitembee pamoja."

Kisha Mama Chausiku akanyoosha mkono. "Mwalimu, huko Mshtarii ambako siku ni saa kumi usiku na mchana, mtu atakaanga vitumbua saa ngapi?"

"Itabidi aanze kukaanga vya kesho kabla hajauza vya leo, mama."

"Basi mimi ndiko ninakoishi," alisema, na wazazi wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha dhihaka. Baba mmoja aliyekuwa amekuja na jembe lake akauliza kuhusu Mirihi, nikamwambia siku yake inakaribia kuwa sawa na yetu ila mwaka wake ni karibu miwili yetu; akasema huko angevuna mara moja tu na kufa njaa. Walikuwa wanauliza! Watu wazima, wenye mikono migumu, walikuwa wanauliza, na ningeweza kusimama pale mpaka jua lizame.

Bwana Sefu alipiga meza. "Huyu anawachezea," alisema. "Mkutano huu si wa nyota. Ameambiwa aombe radhi, amekataa. Walimu wapo hapa. Nataka nijue, nani mwingine katika shule hii anawafundisha watoto kwamba siku inauzidi mwaka?"

Walimu walitazama chini. Mwalimu Mkuu alifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Fausta alikuwa amekaa mwisho wa safu, na futi ya kushonea shingoni, maana alitoka kwenye cherehani moja kwa moja. Alifundisha Kiswahili na kazi za mikono. Hakuwahi hata siku moja kufundisha sayari. Alisimama.

"Mimi," alisema.

"Wewe unafundisha sayari?"

"Kuanzia leo, mzee."

Hiyo ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kusikia zikisemwa kwa ujasiri, na ndiyo ambayo kijana wa kanisani angepaswa kuisoma.

Mabati hayakuja. Siwezi kulizunguka hilo. Bwana Sefu alijiuzulu uenyekiti, akamhamishia Rehema shule ya kulipia Morogoro, na mvua zikaanza juu ya darasa lililo wazi. Mara mbili niliwarudisha watoto nyumbani wakiwa wamelowa, na usoni mwa mama mmoja niliona anavyonichukia. Kisha Jumamosi moja yule baba wa jembe alifika shuleni na mzigo wa nyasi kichwani. Aliutua. Jumamosi iliyofuata walikuja wengi, na miti, na kamba za mkonge, na Mama Chausiku na vitumbua. Waliezeka darasa kwa nyasi kwa mikono yao. Lilivuja pembeni, na panya walihamia. Lakini hakuna mtu aliyeweza kuingia humo akasema ni la kwake peke yake.

Uhamisho wangu ulitangazwa kabla muhula haujaisha. Nipelekwe shule ya mbali zaidi ya Mikumi, upande wa Ruhembe, kwenye mashamba ya miwa. Hakuna aliyesema ni adhabu na hakuna aliyekuwa hajui. Mwalimu Mkuu alinong'ona kwamba nikienda kumwona Bwana Sefu nyumbani, kimyakimya, pasipo watu, mambo yanaweza kubadilika. Nilimshukuru, nikaenda kufunga sanduku. Siku mbili kabla sijaondoka nilikuwa nikipita dukani kwa Bwana Sefu. Rehema alikuwa likizo, amesimama mlangoni na sare mpya ya shule yake mpya. Alinitazama, akatazama ndani ya duka, akanitazama tena.

"Mwalimu," alisema, "baba amenikataza nisikuamkie." Kisha akapiga goti kidogo, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye rafu za mwisho: "Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, Rehema," nilimjibu, kwa sauti ile ile.

Fausta alinisindikiza mpaka basi, sanduku langu kichwani mwake, akikataa tupokezane. Hatukulia. Alisema darasa la tano wameshamshinda kwa maswali, nimwachie kitabu. Nilikuwa nimeshamwekea chini ya mto wake. Nilisafiri siku nzima kwa vumbi, nikala muhogo wa kuchoma Mikumi mjini, nikapanda trekta la miwa kwa kipande kilichobaki. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mama mmoja mrefu mwenye mvi, aliyevaa kandambili na kushika fimbo ya kufukuzia mbuzi. Nilimwamkia. Aliniangalia kuanzia viatu hadi mtandio.

"Marahaba. Wewe ndiye Hadija? Nimeambiwa una kiburi."

Nilikuwa nimechoka, nimejaa vumbi la njia nzima, na sikuwa na nguvu ya kujipunguza.

"Ndiyo, mama. Ninacho."

"Vizuri," alisema, na akanionyesha kwa fimbo jengo la mwisho, ambako watoto walikuwa wakipiga kelele bila mtu wa kuwanyamazisha. "Darasa la sita wako kule. Walimu wawili wameshawakimbia. Weka sanduku, uingie."